Shimo la Kwanza

Moto ule haukuanzia kwa Tembo. Hilo naliweka wazi mapema kwa sababu baadaye, kikaoni, kila mjumbe alianza hotuba yake kwa kulisema, ingawa hakuna aliyemtuhumu. Waliouwasha walikuwa nyani wawili wa ng'ambo ya kilima, ndugu wa baba mmoja, waliogombea jiwe alilokuwa akikalia marehemu mzee wao. Mmoja alichukua kijinga cha moto kilichoachwa na warina asali, mwenzake naye akachukua chake, na kufikia alfajiri hapakuwa na jiwe wala wa kulikalia. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Yaliyobaki yakafanywa na upepo.

Wanyama wakakimbilia kusiko na moshi. Na mahali pa kwanza pasipo na moshi palikuwa kwa Mama Mhanga.

Wengi hawamjui Mhanga, maana kazi yake ni ya usiku na ni moja: kuchimba. Huchimba vichuguu akitafuta mchwa, huchimba shimo la kulala, na akishalichoka huliacha akachimba jingine. Mashimo anayoyaacha ndiyo nyumba za nusu ya pori. Ngiri hulala humo, akiingia kinyumenyume ili meno yabaki mlangoni. Nungunungu huzalia humo. Chatu naye humo humo, tena bila kupiga hodi. Mhanga hajawahi kumtoza mtu kodi, na hakuna mkutano wa pori uliowahi kumpa hata cheti cha kushiriki.

Kufikia usiku wa tatu wa moto, digidigi walikuwa wanalala wamesimama kwa kukosa nafasi. Mchwa wa eneo zima walikuwa wamekwisha, na wageni wasiokula mchwa walikuwa wameshamaliza mizizi. Hata hivyo wengi walibaki pale pale. Walitaka kuwa karibu, ili moto ukizima warudi wakaangalie kama kuna kilichosalia. Ni wachache tu, wenye ndugu huko mbele au waliomwona Chatu akimmeza jirani yao, ndio walioinuka wakaendelea kuelekea kwa Tembo, kwenye bwawa lisilokauka.

Kikao kikaitishwa kwa ajili ya hao wachache.

Kilikaa chini ya mkuyu. Mwenyekiti alikuwa Tembo mwenyewe. Kiboko alihudhuria, Nyati alihudhuria, na Twiga, ambaye huona mbali kuliko wote na ndiyo maana hakusema kitu. Kifaru, anayekaa ufukweni mwa ziwa nyuma kabisa ya Tembo, hakufika. Alituma salamu kwamba anaunga mkono chochote kitakachoamuliwa, mradi kiamuliwe mbali na kwake. Karani alikuwa Fisi. Msomaji, usiniulize Fisi aliupataje ukarani. Hata huku kwetu hatuulizi.

"Ndugu wajumbe," akaanza Tembo, "moto haukuanzia kwangu. Wala sina roho mbaya. Lakini anayekimbia moto anatafuta pasipo na moto, si ndiyo? Akishapapata, amefika. Akinyanyuka tena akaendelea na safari, huyo hakimbii. Huyo anachagua."

Ilikuwa hoja nzito, tusiidharau. Kati ya Mhanga na Tembo kuna mto, na kwenye kivuko yupo Mamba. Siku hizo alikuwa ameanza kuwavusha wakimbizi mgongoni kwa malipo, na si wote aliowapakia waliofika ng'ambo. Nyati akasimama akasema tukiwaambia mapema kwamba huku hawatapokelewa, hakuna atakayeupanda mgongo ule, na watoto watapona. Wapo wanaosema maneno hayo hayo Ulaya kuhusu bahari ya Mediterania, iliyokwisha kuzamisha maelfu, na wengine wanayasema kwa uchungu wa kweli. Nyati alikuwa na uchungu wa kweli. Ila aliyekuwa wa kwanza kuiunga mkono hoja yake alikuwa Mamba. Mamba anajua biashara: njia ikizibwa, nauli hupanda.

Ndipo akaitwa mtaalamu.

Huyu alikuwa Korongo mweupe, ambaye kila mwaka huja kula panzi kwetu wakati kwao kuna baridi, kisha hurudi Ujerumani na Poland kujenga kiota juu ya mabomba ya moshi. Kwa mambo ya moshi, basi, alikuwa na uzoefu.

"Wenzetu wa kule wana kitu kinaitwa Dublin," akasema. "Kilitiwa saini Juni 1990, kikaanza kazi 1997, kikaandikwa upya 2003 na tena 2013. Mkimbizi asiye na jamaa wa karibu kwingine, wala viza ya kwingine, kesi yake ni ya nchi aliyoingilia. Akikutwa nchi nyingine, anarudishwa huko."

Kwenye mzizi wa mkuyu kitu kilichodhaniwa ni jiwe kikatoa kichwa. Alikuwa Mzee Kobe.

"Hiyo Dublin yenyewe iko wapi?"

"Kisiwani, mzee. Magharibi kabisa, ukishapita kisiwa kingine."

"Kwa hiyo aliyekimbia Syria au Afghanistan, akitembea kuelekea Ulaya, ataanzia Dublin?"

Korongo akajikuna shingo kwa ukucha. "Ataanzia Ugiriki. Au Italia."

"Na hao Wagiriki na Waitalia walitia saini?"

"Walitia."

"Basi siku hiyo hawakuletewa ramani."

Wajumbe wakacheka, Fisi zaidi ya wote, kwa kuwa ndiyo hulka yake. Korongo alikuwa msomi mwaminifu, na wasomi waaminifu hawajui kunyamaza. Akaeleza kwamba Januari 2011 mahakama ya haki za binadamu ya Strasbourg iliona Ubelgiji imekosea kumrudisha Mwafghani mmoja Ugiriki, ambako aliwekwa kizuizini katika hali mbaya, kisha akaachwa alale nje bila chakula. Akaeleza kwamba 2015, mwaka ambao watu zaidi ya milioni moja waliingia Ulaya kwa bahari, Ujerumani yenyewe iliacha kwa muda kuwarudisha Wasyria. Akaongeza kwamba kwa hesabu za UNHCR za mwisho wa 2023, asilimia 69 ya wakimbizi wa dunia walikuwa hawajavuka nchi jirani na kwao.

"Yaani saba katika kumi wanaifuata kanuni hii bila hata kuisoma," akasema Kobe. "Kikao hiki ni cha wale watatu."

"Mheshimiwa, hayo niyaandike?" Fisi akauliza.

"Hayo ni ya pembeni," akasema Tembo. "Usiandike."

Kobe sasa alikuwa ametoa na miguu, jambo linalomaanisha kwamba hatanyamaza upesi.

"Mimi ni wa Rusumo," akasema. "Mwishoni mwa Aprili 1994, daraja la mto Kagera lilipitisha watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda ndani ya siku moja. Nilikuwa chini ya jiwe, sikuthubutu kutoa pua. Walipita na magodoro, na ng'ombe, na watoto, na wengine na mapanga waliyokuwa wameshayatumia. Upande wa Tanzania hakuna aliyewauliza wamepita shimo gani. Shimo la kwanza lilikuwa sisi. Pale kwenye kambi ya Benaco palikuwa pori, ghafla pakawa mji. Mnajua mji unapikia nini? Kuni. Miti iliisha kilima baada ya kilima. Mti niliokuwa nikipumzikia mimi ulipikiwa maharage."

"Pole, mzee," akasema Nyati.

"Sijamaliza. Machi mwaka uliofuata, mpaka wa Burundi ukafungwa. Desemba 1996 likatoka tangazo: Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kabla mwaka haujaisha. Walioogopa wakajaribu kukimbilia upande wa pili, askari wakawageuza. Na hii ni nchi iliyokuwa imewapokea Warundi tangu 1972, ikawapa mashamba Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na baadaye ikaja kuwapa uraia zaidi ya laki moja na nusu. Si wachoyo hao. Walichoka. Nawaambia, shimo la kwanza huchoka, na likichoka halitoi taarifa ya miezi mitatu. Nendeni leo Nyarugusu, kule Kasulu. Kambi ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Waliozaliwa humo nao wamezaa, na bado kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali. Moshi hakuna, ni kweli. Mtasema wamefika?"

Tembo alikuwa na heshima kwa wazee, hasa wasio na kura. "Lakini sheria za binadamu zinasemaje?"

"Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi aliyeingia bila kibali akitoka moja kwa moja kwenye hatari, mradi ajisalimishe upesi na aeleze sababu. Mawakili wanabishana hadi leo kuhusu nani ametoka moja kwa moja na nani ametangatanga. Ila kifungu kinachomwamuru akome kwenye mlango wa kwanza, hakimo. Na wa kwetu, wa Addis Ababa wa 1969, unasema nchi ikilemewa iwaite wenzake, nao kwa moyo wa umoja waipunguzie mzigo."

"Iwaite," akasema Kiboko akipiga mwayo. "Sijasikia wataitika lini."

Hoja ikapita. Ikaitwa Kanuni ya Shimo la Kwanza: kila akimbiaye moto atabaki katika shimo la kwanza lisilo na moshi, na akionekana kwingine atarudishwa huko.

Ikabaki kazi ya kumjua aliyepita wapi. Korongo akasema Ulaya huchukua alama za vidole tangu 2003, wakaziweka pamoja zote. Kwa hiyo ukafinyangwa udongo wa mfinyanzi, ukawekwa mlangoni kwa Mama Mhanga bila yeye kuombwa, na kila mgeni akaambiwa akanyage. Bonge likikauka juani, kijana wa Fisi alilibeba hadi mkuyuni. Baada ya mwezi mmoja chini ya mkuyu palikuwa na safu kwa safu za nyayo zilizokauka, ndogo kwa kubwa, na Fisi akipita katikati yake kwa fahari ya mwenye maktaba.

Nungunungu alifika kwa Tembo jioni moja na watoto wawili. Wifi yake anaishi chini ya miamba ng'ambo ya bwawa.

"Umetokea wapi?"

"Motoni, bwana karani."

"Umepita shimo gani?"

"La Mama Mhanga."

"Palikuwa na moshi?"

"Hapakuwa."

"Basi palikuwa salama."

"Palikuwa na Chatu."

Fisi akapitisha kidole kwenye orodha yake juu hadi chini. "Chatu si moto. Kanyaga."

Akakanyaga. Ngozi ya nyayo ilikuwa imebanduka, mpya ilikuwa ndiyo kwanza inaota, laini, ya waridi, isiyo na mstari hata mmoja. Kwenye udongo kikabaki kidimbwi cha duara, kama mtu amebonyeza embe. Fisi akainama, akakinusa, akakigeuzia mwangani.

"Umejiunguza makusudi."

"Nilikanyaga makaa."

"Wote mnasema hivyo."

Na kweli, huko Calais, Ufaransa, wapo waliochoma ncha za vidole vyao kwa chuma cha moto ili mashine isiwatambue, kwa hiyo Fisi alikuwa na mfano mkononi. Hakuwa na namna ya kumtenganisha aliyeukimbia moto na aliyeushika ili apite, na kanuni haikumtaka awe nayo. Nungunungu akarudishwa.

Mara ya pili alikuja kwa mgongo wa Mamba, na mtoto mmoja. Fisi hakuuliza mwingine yuko wapi. Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Habari hizo zilimkosesha Tembo usingizi, na Tembo akikosa usingizi hutoa. Akampelekea Mama Mhanga magunia sita ya karanga, kwa masharti kwamba wageni watunzwe vizuri na wasionekane. Korongo akasema ni kama Machi 2016, Ulaya ilipopatana na Uturuki kwa yuro bilioni 6. Hapa lazima nimseme Mama Mhanga, maana asije msomaji akamfanya malaika. Miaka yote alipokea wageni bila kujua kwamba wana bei. Gunia la kwanza lilimfundisha. La tano lilipochelewa, akafyeka majani mlangoni, akawaonyesha wageni njia kwa pua: "Kwa Tembo ni kule, fuateni mkuyu ule mrefu." Kule walikuta Nyati wamesimama bega kwa bega kuziba njia, wakarudishwa kwa pembe. Uturuki nayo ilifungua njia ya Ugiriki mwishoni mwa Februari 2020, na waliokwenda walikutana na moshi wa machozi. Kwa Mhanga magunia yalifika siku iliyofuata, yakiwa saba.

Palizuka pia wazo la kuwabeba wote hadi kwenye mlima wa Sokwe, mbali, ambako hakuna aliyekuwa anakimbilia. Korongo alipoulizwa alisema Uingereza ilijaribu na Rwanda kuanzia Aprili 2022. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema Rwanda si salama kwa hao wa kupelekwa, kwani wangeweza kurudishwa walikokimbia. Serikali haikubishana na mahakama: ilikwenda bungeni, na Aprili 2024 bunge likatunga sheria kwamba ni salama. Julai serikali mpya ikaufuta mpango wote. Zilikuwa zimetumika paundi milioni 700, na waliokwenda walikuwa wanne, tena kwa hiari yao.

Wajumbe walisikitikia zile paundi. Tembo alishika jambo jingine.

"Rudia hapo kwenye bunge," akasema. "Kumbe usalama unapigiwa kura?"

Siku hiyo hiyo ikapigwa kura kwamba shimo la Mhanga ni salama, leo na siku zote. Kobe aliomba kusema, akaambiwa muda umekwisha. Machi ilipoingia, Korongo akaaga, akapaa kurudi kwake: Sudan, Misri, Sinai, Lebanon, Uturuki, Bosporus, na kuendelea, akitua anapotaka, akinywa maji ya nchi hii na kulala nchi ile. Hakuna aliyemwekea udongo.

Mama Mhanga alidumu hadi kiangazi kilichofuata. Mhanga akichoka na dunia ana tabia moja: huingia ndani akaziba mlango kwa udongo, akabakiza tundu dogo la pumzi. Usiku mmoja akaziba. Wageni waliokuwa nje wakabaki nje, na walipokuja wengine wakitoka kilimani wakakuta udongo. Wakapika walichokuwa nacho hapo hapo kwenye majani makavu, maana hawakuwa na pengine. Wengine wanasema moto wa pili ulitokana na jiko hilo. Wengine wanasema ni wale nyani, walikuwa bado hawajaelewana kuhusu jiwe. Vyovyote vile, mchana uliofuata Mama Mhanga alitoka ardhini kwa nyuma, masikio yakifuka, akakimbia kwa mara ya kwanza maishani mwake wakati wa jua.

Hakupita kivukoni, aliogelea. Alipofika mkuyuni alikuwa hawezi kusimama.

"Umepita shimo gani?" Fisi akauliza.

"Langu."

Fisi akafunua daftari. "Hilo ni salama."

"Linaungua, bwana karani. Nusa."

"Lilipigiwa kura."

Mama Mhanga alikuwa ameishi na kanuni ile mlangoni kwake mwaka mzima na alikuwa anaijua kwa moyo. Akaomba aitiwe Tembo, na Tembo alipokuja akamwambia kwa adabu, kichwa chini: "Mzee wangu, mimi sijachagua. Nimetoka kwangu moja kwa moja. Kanuni inasema shimo la kwanza lisilo na moshi. Nimeangalia njia nzima, lisilo na moshi la kwanza ni hili."

Tembo akafungua mdomo, akaufunga, akasema kiitishwe kikao cha dharura. Wajumbe walikuwa wanaanza kukusanyika, Nyati akiwa ameshasimama kuwakumbusha wenzake kwamba moto haukuanzia kwa Tembo, walipoona vumbi likija kutoka upande wa ziwa. Alikuwa kijana wa fisi ambaye hakuna aliyemfahamu, amebeba bonge la udongo wa mfinyanzi lililofungwa kwenye majani mabichi ya mgomba, na salamu kutoka kwa Kifaru.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Tembo. "Nimeelekezwa kwamba siku hizi shimo la kwanza ni hapa. Udongo niuweke wapi?"